Pancha Isirudi: Kufunga, Kuziba na Kutunza Tyubu ya Baiskeli

Pancha ya kwanza ni bahati mbaya. Ya pili, siku hiyohiyo na kwenye gurudumu lilelile, mara nyingi imetengenezwa na mikono: aliyeziba hakutafuta kilichotoboa, au aliibana tyubu kwa bisibisi wakati anarudisha tairi. Mwongozo huu nauandika hasa kwa wenye baiskeli kubwa za inchi 28, zile Phoenix, Hero na Avon zinazobeba maji, mkaa na watoto wa shule. Ndizo zinazofanya kazi ngumu kuliko zote, na ndizo zinazofungwa kwa haraka kuliko zote. Mwenye baiskeli ya gia ya inchi 26 atafuata hatua hizohizo. Palipo na tofauti nitasema.

Kununua tyubu inayolingana na tairi

Soma ubavuni mwa tairi kabla hujaenda dukani. Utakuta namba ya mazoea, kama 28 x 1½ au 26 x 2.125. Matairi mengine yana namba ya pili, kwa mfano 40-635. Hapo 40 ni upana wa tairi kwa milimita, na 635 ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Hii ya pili ndiyo isiyodanganya. Kuna baiskeli za kisasa zinazouzwa kwa jina la "28" na ringi yake ni 622, wakati ile ya mizigo ni 635. Tairi la moja halikai kwenye nyingine. Inchi 26 nayo ni hivyohivyo: ya gia yenye tairi pana ni 559, ile ya 26 x 1⅜ ni 590. Tyubu inavutika, kwa hiyo inavumilia tofauti ndogo ambazo tairi halivumilii, lakini usiitegemee sana.

Upana ndio wengi wanaoupuuza. Tyubu nene ikiingizwa kwenye tairi jembamba hujikunja ndani, na penye mkunjo huanza ufa ambao hakuna kiraka kitakachoutibu. Tyubu nyembamba kwenye tairi pana hutanuka hadi inabaki nyepesi mno, na mwiba ambao usingefika unafika.

Kisha valvu. Baiskeli kubwa nyingi zina valvu ya Woods: shina la chuma, ndani yake kuna kipande kinachochomoka kilichovalishwa kimpira laini, na nati ya kukibana. Schrader ni ile iliyo kama ya gari na pikipiki. Presta ni nyembamba, utaikuta kwenye baiskeli za mashindano. Tundu la ringi la Schrader lina milimita 8.5 na la Presta 6.5, hivyo Presta kwenye tundu kubwa itachezacheza na kujikata shinani usipoiwekea bushi, yaani kipete cha kujaza nafasi.

Anza na valvu, si tairi

Upepo ukiisha, usikimbilie kung'oa tairi. Jaza upepo kwanza, weka mate kidogo kwenye ncha ya kidole, kisha yapake juu ya mdomo wa valvu. Tulia utazame. Kikitokea kipovu kinachokua taratibu, tyubu yako haina kosa. Kosa ni la valvu.

Kwa valvu ya Woods, legeza nati, chomoa kile kipande cha ndani na ukague kimpira chake. Kimpira kilichozeeka huwa kimechanika kwenye ncha, kimelegea, au kimenata kama utomvu. Kivute, safisha chuma, loweka kimpira kipya kwa mate kidogo na ukivalishe hadi kifunike kabisa kile kitundu cha pembeni. Rudisha, kaza nati kwa vidole, jaza tena. Vimpira hivi vina bei ndogo sana na ningependa kila mwenye baiskeli atembee navyo. Watu wanang'oa tairi zima na kutafuta tundu kwenye maji mpaka wanachoka, kumbe kilichoharibika ni kimpira kirefu kama kucha.

Kwa Schrader, moyo wa valvu, yaani kipande chake cha ndani, unaweza kuwa umelegea tu; kifaa kidogo cha kuukazia kinapatikana kwa mafundi wa pikipiki.

Kutoa tairi bila kuumiza chochote

Geuza baiskeli, tandiko na usukani vikae juu ya gunia. Kama ni gurudumu la nyuma la baiskeli yenye breki za fimbo, kava la mnyororo, keria na stendi, jiulize kama unahitaji kulitoa. Kwa kuziba tundu moja huhitaji. Fundi mzoefu hufungua upande mmoja tu wa tairi gurudumu likiwa mahali pake, anavuta tyubu nje pale penye tundu, anaziba, anarudisha. Anakwepa kufungua nati nyingi na, la muhimu zaidi, anakwepa kupanga upya mnyororo na breki. Gurudumu litoke pale unapobadilisha tyubu nzima au tairi.

Chora alama ya chaki kwenye tairi, palepale valvu ilipo. Alama hiyo itakuwa na kazi baadaye.

Toa upepo wote, fungua nati inayokaza shina la valvu kwenye ringi, kisha zunguka gurudumu lote ukiminya tairi kwa vidole gumba ili midomo yake, yaani kingo zenye waya, iachane na kuta za ringi na kushuka katikati. Ringi ina bonde katikati. Waya wa tairi hauvutiki hata kidogo, ila ukishuka kwenye bonde hilo, ambako mzunguko ni mdogo, unapata ulegevu unaokutosha kuutoa upande mwingine. Anayeng'ang'ana na tairi gumu karibu kila mara amesahau hatua hii. Anaongeza nguvu mahali panapohitaji nafasi.

Chomeka leva ya kwanza, yaani kipande bapa cha kubinulia tairi, kiasi cha kiganja pembeni mwa valvu, ncha yake ikiwa chini ya mdomo wa tairi lakini isizame hadi kugusa tyubu. Ibinue na kuishikiza kwenye spoku. Ya pili iweke spoku mbili au tatu mbele, nayo ibinue. Baada ya hapo mdomo unateleza wenyewe. Kama huna leva, mipini ya vijiko vizito vya chuma inafaa kwa sababu haina makali. Bisibisi usiitumie. Najua ndiyo iliyo karibu, na najua wapo mafundi wanaoitumia miaka yote, lakini hata ikikosa kutoboa, huacha mkwaruzo unaokuja kupasuka baadaye, ukiwa njiani na mzigo.

John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo huko Belfast, Ireland, mwaka 1888, lilikuwa linagandishwa kwenye gurudumu, na kuziba pancha moja kulichukua saa nyingi pamoja na kusubiri gundi ikauke. Tairi la baiskeli linalofunguliwa lililetwa na ndugu wa Michelin, Wafaransa, mwaka 1891. Tangu hapo kazi hii imekuwa ya dakika chache, mradi mtu asiifanye kwa hasira.

Kutafuta tundu, na kusoma lilivyo

Jaza tyubu ikiwa nje hadi inenepe kidogo kuliko kawaida. Ipitishe karibu na midomo yako, maana ngozi hiyo inahisi upepo ambao sikio halisikii. Usipopata, izamishe kipande kwa kipande kwenye karai la maji, ukiivuta kidogo ili tundu lifunguke. Povu likionekana, kausha na chora msalaba mkubwa kwa kalamu, mistari ivuke mbali na tundu. Msasa utafuta katikati na bado utajua lilipo. Endelea kuzungusha hadi umalize tyubu yote, kwa sababu matundu hupenda kuwa mawili.

Sasa fika kwenye kazi ambayo wengi wanaruka. Ilaze tyubu kando ya tairi, valvu ikiwa mkabala na alama yako ya chaki, uone tundu linaangukia wapi.

Likiwa upande wa nje, kuna kitu kwenye tairi. Huenda ni mbigili, mwiba wa mgunga, kipande cha chupa, au waya mwembamba unaotoka kwenye matairi ya malori yanayopasuka barabara kuu. Waya huo ndio mbaya kuliko vyote, kwa kuwa ni mweusi kama tairi lenyewe na unaonekana tu ukilikunja tairi kwa nje. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi lote; nyuzi zitanasa kwenye ncha yoyote. Kidole kipite baadaye, polepole. Chochote utakachokuta king'oe kwa koleo kutoka upande kilikoingilia. Mwiba wa mgunga ukikatika, ncha hubaki ndani ya mpira na hujitokeza kila tairi linapokandamizwa, kwa hiyo usiridhike na kuondoa kipande cha nje.

Likiwa upande wa ndani, wa ringi, tatizo ni spoku iliyochomoza au utepe wa ringi uliosogea. Ncha ya spoku isawazishe kwa tupa. Utepe uliochakaa badilisha. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu unatosha, alimradi ufunike vichwa vyote vya spoku na usivuke bonde la ringi kupanda kwenye kuta zake.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka hayakutokana na mwiba. Tairi lilikuwa na upepo mdogo, likagonga jiwe au ukingo wa shimo, na ringi ikaibana tyubu. Hapo dawa ni pampu.

Tundu likiwa kwenye shina la valvu, usipoteze kiraka. Hakuna kitakachoshika vizuri pale. Ukikumbuka, huenda valvu ilikuwa imelala upande kwa siku kadhaa: tairi lenye upepo mdogo huteleza kwenye ringi na kuivuta tyubu, huku shina limezuiwa na tundu lake. Nunua tyubu mpya na ubadili tabia ya kupanda baiskeli ikiwa laini.

Kuziba

Piga msasa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka hadi ule mng'ao wa mpira uishe kabisa. Kama kuna mstari wa mshono wa kiwandani unaopita hapo, usage hadi uwe sawa na mpira wote, la sivyo upepo utapenya kwenye njia yake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Usipulize, maana pumzi ina unyevu.

Paka solusheni, yaani gundi ya viraka, tabaka jembamba, itandaze kwa kidole kuvuka ukubwa wa kiraka, kisha subiri. Dakika tano, au hadi isigandame kwenye kidole na uso wake uonekane mkavu. Subira hii ndiyo inayotenganisha kiraka cha miaka na kiraka cha jioni moja. Solusheni ikiwa bado mbichi, kiraka kinateleza juu yake na mvuke wake unanaswa chini. Usifanye kazi hii karibu na jiko wala sigara. Solusheni inashika moto haraka.

Kiraka cha dukani kibandue karatasi bila kugusa upande wa gundi, kiweke katikati ya tundu, kandamiza kutoka katikati kwenda kingoni. Kigonge au kisugue kwa mgongo wa kijiko juu ya ubao. Ukikata kiraka kwenye tyubu kuukuu, kikate duara, kwa kuwa kona ndizo zinazoanza kubanduka. Kipige msasa na kukipaka solusheni pia, na usubiri pande zote mbili zikauke. Viraka vya namna hii hushika vizuri kwenye tyubu za mpira wa asili; kwenye tyubu za butili, zile zisizopoteza upepo haraka, tumia kiraka cha kiwandani.

Mwisho paka poda ya mtoto juu ya kiraka na kandokando yake, ili solusheni iliyobaki isiigandishe tyubu kwenye tairi.

Kuvalisha tyubu na tairi

Kama tyubu ilitoka yote, ipe upepo kidogo, kiasi cha kupata umbo la duara tu. Tyubu tupu kabisa hujisokota na kuingia chini ya mdomo wa tairi. Tyubu iliyojaa haiingii.

Hakikisha mdomo mmoja wa tairi umeshakaa kwenye ringi pande zote. Ingiza valvu kwanza, shina lisimame wima, zungusha nati yake mara mbili tatu bila kuikaza. Kisha laza tyubu ndani ya tairi ukienda pande zote mbili kutoka kwenye valvu, ukikutana upande wa pili. Ukikuta imebaki ndefu na kufanya wimbi, usilisukume wimbi likae sehemu moja. Rudi nyuma uligawe kidogo kidogo kwenye mzunguko wote.

Mdomo wa pili wa tairi anza kuuingiza upande ulio mbali na valvu, na umalizie kwenye valvu. Wengi hufanya kinyume. Shina la valvu linazuia mdomo kushuka kwenye bonde la ringi, kwa hiyo ukianzia pale unajinyima ulegevu utakaouhitaji mwishoni. Sukuma kwa viganja, na kila unaposonga mbele rudisha vidole nyuma kuhakikisha sehemu iliyokwisha kuingia imeshuka bondeni. Sehemu ya mwisho, ya upana wa kiganja, itakuwa ngumu. Toa upepo uliobaki, minya tena tairi kuzunguka gurudumu lote, kisha usukume kwa sehemu nene ya viganja vyote viwili. Tairi la 28 litaingia bila chuma. Ukilazimika kutumia leva, itumie ukiona ncha yake.

Likishaingia, sukuma shina la valvu kuelekea ndani ya tairi kisha livute nje. Hapo ndipo tyubu hubanwa mara nyingi kuliko popote. Zunguka gurudumu ukilisukuma tairi upande mmoja na mwingine, ukichungulia kati ya mdomo na ringi. Ukiona hata kipande kidogo cha tyubu, kirudishe. Jaza upepo nusu. Zungusha gurudumu na utazame ule mstari mwembamba ulio ubavuni mwa tairi karibu na ringi: uwe na umbali uleule kutoka kwenye ringi kuzunguka kote. Mahali mstari unapozama tairi halijakaa, na mahali mstari unapopanda tyubu inalisukuma tairi litoke. Toa upepo wote, tikisa, jaza tena. Kutoa huku kunairuhusu tyubu ijinyooshe ndani. Ndipo ujaze kamili na kukaza nati ya valvu kwa vidole. Spana huifanya ivute na kukata shina.

Upepo

Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa psi, kipimo cha msukumo wa upepo. Kwa tairi la 28 x 1½ kwenye kazi ya kila siku, psi 45 hadi 55 hutosha, la nyuma likizidi la mbele. Tairi pana la 26 hukaa vizuri kati ya 35 na 50. Usivuke kiwango kilichoandikwa.

Tabu ni kwamba valvu ya Woods haipimiki kwa geji ya kawaida. Kwa hiyo pima ikiwa na mzigo. Panda, au funga mzigo wako, na mtu atazame tairi la nyuma linapogusa ardhi: litanuke kidogo tu, na kidole gumba kikiminya juu kisizame. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 kabla hujahesabu uzito wa baiskeli. Tairi lililoonekana gumu bila mzigo litalala kabisa chini ya uzito huo, na hapo ringi inaanza kuuma tyubu kwenye kila jiwe.

Kompresa ya kituo cha mafuta itumie kwa tahadhari kubwa. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo, inajaa kwa sekunde chache, na ikipasuka karibu na uso inaumiza. Bonyeza na uachie, bonyeza na uachie, ukiminya tairi kila mara.

Utunzaji wa kila siku

Minya matairi kila asubuhi kabla ya kutoka. Kila wiki, au baada ya kupita njia ya miiba, zungusha magurudumu na ung'oe vilivyonasa kabla havijafika ndani. Mbigili nyingi huanza kwa kukaa juu juu, na kila kilomita inazisukuma.

Mafuta ya taa, petroli na grisi hulainisha mpira. Ukisafisha mnyororo, ringi na tairi vifutwe. Breki za mpira zilizokaa vibaya zinakwaruza ubavu wa tairi hadi nyuzi zinaonekana, na mtu anailaumu tyubu. Tairi lenye mpasuko liwekewe kipande cha tairi kuukuu ndani, kingo zake zikiwa zimechongwa ziwe nyembamba. Kipande chenye kingo nene kitaitoboa tyubu chenyewe. Tairi la nyuma huisha mapema kwa sababu ya mzigo, hivyo ukinunua jipya liweke mbele na la mbele lihamie nyuma likiwa bado zima. Gurudumu la mbele likipasuka ndilo linalokuangusha.

Tyubu ya akiba ihifadhi ikiwa imekunjwa bila upepo, na poda kidogo, ndani ya mfuko usiopitisha mwanga. Usiitupe kwenye boksi la spana. Itatobolewa kabla hujaitumia.

Viraka vikianza kupandana, au mpira ukionyesha nyufa ndogo ndogo ukiuvuta, tyubu imemaliza kazi yake kwenye gurudumu. Chomoa kile kipande cha valvu na nati zake uviweke akiba. Iliyobaki ipasue kwa urefu: ukanda mpana ufanye utepe wa ringi, na kamba ndefu zifungie mzigo kwenye keria.